Mwalimu, kabla hujanunua vibanio vya masikioni

Swali: "Mtaalamu, nina miaka 44, nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, na mkondo wangu una watoto 112. Tangu mwaka jana usingizi umenikimbia. Nalala saa nne, saa nane usiku macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Moyo unaenda mbio bila sababu, hasa Jumapili jioni. Kichwa kinauma kuanzia kisogoni, shingo imekaza kama ubao, na usiku mwingine naamka shuka limelowa jasho. Zahanati walinipima presha wakasema iko sawa, 'ni mawazo tu, mwalimu.' Vidonge sitaki, maana mwenzangu wa kazini alizoea vya usingizi na sasa bila kidonge halali. Dada yangu yuko Muscat, ameona kifaa cha kubana masikioni kinachopitisha umeme mdogo kichwani, wanasema kinaondoa msongo bila dawa. Bei ni rial 300 hivi. Ni kweli kinatibu? Au ndiyo ile ya kuwapiga shoti wagonjwa wa akili? Naogopa, lakini nimechoka."

Mwalimu, pole sana. Nianze na hofu yako, kwa kuwa hiyo naweza kukutua leo hii: kifaa alichokiona dada yako hakipigi shoti. Tiba ya shoti ilianzia Roma mwaka 1938, na hufanyika hospitalini tu. Siku hizi mgonjwa hupewa nusukaputi, misuli hulegezwa kwa dawa, kisha hupitishiwa umeme wa takriban milliampea 800 kwa sekunde chache ili ubongo upate degedege fupi iliyo chini ya uangalizi. Anayeijua kwa hadithi za vijiweni huiogopa, lakini kwa mtu mwenye sonona kali, hali, hasemi, anataka kufa, tiba hii imeokoa wengi na madaktari wanaiheshimu mpaka leo. Wewe hujafika huko.

Kifaa cha masikioni hupitisha milliampea 0.1 hadi 0.5. Kitaa kidogo cha tochi ya simu ya kitochi hula kiasi cha milliampea 20. Vipo vifaa vya jamii hiyohiyo vinavyowekwa kwenye mapanja kwa sifongo iliyoloweshwa, navyo hufika milliampea 4, na bado ni mbali sana na shoti.

Nimewahi kukijaribu masikioni mwangu mwenyewe, kwa hiyo naweza kukueleza kinavyokuwa. Unalowesha vitambaa vidogo kwa maji maalumu, unabana kila upande kwenye ndewe la sikio, kisha unapandisha nguvu polepole. Mwanzoni ni kama sisimizi wanapita kwenye ndewe. Nilipopandisha zaidi kwa kutaka kujua mwisho wake, kichwa kilianza kuelea kama niko ndani ya ngalawa iliyotia nanga huku mawimbi yanapita chini yake. Nikashusha, pakatulia. Hakuna maumivu, hakuna kuzimia, hakuna kusahau.

Sasa hilo la "mawazo tu". Anayekuambia hivyo huenda anakutuliza kwa nia njema, lakini neno "tu" halistahili kuwepo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Ikipiga, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli: moyo unakimbia, misuli ya shingo na mabega inajikaza, damu inakwenda kwenye miguu na mikono ili ukimbie au upigane. Kengele hiyo iliwekwa kwa ajili ya simba na moto, vitu vinavyokuja na kuondoka. Wewe, hatari yako haiondoki. Watoto 112 wapo Jumatatu, wapo Jumanne, madaftari yao yako kwenye kapu chini ya kitanda, na mwanafunzi wa nyuma kabisa hasikii unachosema mpaka upaze sauti. Fikiria mwalimu wa zamu aliyesinzia huku ameegemea kengele. Ndivyo mwili wako ulivyo. Jumapili jioni moyo haukimbii bila sababu, unakimbilia Jumatatu. Na saa nane usiku unaposhtuka, kotisoli inakaribia saa zake za kawaida za kuanza kupanda kuelekea alfajiri, kwa hiyo mtu ambaye tayari yuko juu huona vigumu sana kurudi chini. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uchovu wa aina hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022, likauita jambo linalotokana na kazi. Halikuuita udhaifu wa mfanyakazi.

Kifaa kinadaiwa kuigusa kengele hiyo. Wazo lenyewe ni la zamani: mwishoni mwa miaka ya 1940 madaktari wa Kisovieti walikuwa wakijaribu walichokiita usingizi wa umeme, na miaka ya 1960 likavuka hadi Marekani. Maelezo ya jinsi kinavyofanya kazi ni mawili. La kwanza linasema umeme unapenya hadi kwenye ubongo na kuyashawishi mawimbi yake yatulie. Shida ni kwamba ngozi na fuvu hula sehemu kubwa ya umeme njiani. Waliopima kwenye maiti, kwa umeme uliowekwa juu ya ngozi ya kichwa, walikuta hadi asilimia 75 inapotea kabla ya kufika. Kinachobaki hakiwezi kulazimisha seli ya ubongo ifanye kazi, labda kuigusagusa. La pili linasema neva za sikio na uso ndizo zinazobeba ujumbe hadi shina la ubongo, mahali panapoongoza mapigo ya moyo na pumzi. Mimi hilo la pili naliona lina mashiko zaidi, lakini hakuna kati ya hayo mawili lililothibitishwa.

Na matokeo? Mwaka 2018 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 26 ya vifaa hivi. Mengi yalikuwa madogo, mafupi na yenye mianya. Kwa watu wenye wasiwasi uliochanganyika na sonona palionekana nafuu kiasi, kwa ushahidi dhaifu. Kwa maumivu ya kichwa na kwa kukosa usingizi, yaani mambo mawili unayonililia, hapakuwa na ushahidi wa kutosha. Habari njema ni kwamba madhara makubwa hayakuonekana. Kabla ya hapo, mwaka 2014, lilitoka jaribio la watu 115 wenye ugonjwa wa wasiwasi waliotumia kifaa kila siku kwa wiki tano, na waliopewa kifaa cha kweli walitulia kuliko waliopewa cha bandia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo, Desemba 2019, ililegeza masharti kwa vifaa vya wasiwasi na usingizi, lakini kwa sonona ikabakiza masharti makali zaidi. Ukisikia muuzaji anasema "kimeidhinishwa Marekani", muulize kimeidhinishwa kwa nini.

Jaribio lililonifanya nikae na kufikiri ni la Uingereza, lililochapishwa 2023. Watu 236 wenye sonona walipewa vifaa vya masikioni wakae navyo nyumbani saa moja kila siku kwa wiki nane. Nusu vilipitisha umeme, nusu havikupitisha chochote, na hakuna aliyejua chake ni kipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu yao ilikuwa karibu sawa.

Tafadhali lirudie jambo hilo kichwani, mwalimu. Mtu aliyebanwa masikio na kifaa kisichofanya kitu alipata nafuu. Sehemu ya nafuu hiyo ni matumaini, sehemu ni siku kupita tu. Lakini naamini sehemu nyingine ni ile saa yenyewe. Kila siku mtu mzima ameketi dakika 60, simu iko mbali, hakuna anayemwita mwalimu wala mama, kwa sababu "niko kwenye tiba". Wewe mara ya mwisho kupata saa kama hiyo ni lini? Hiyo unaweza kuipata bila rial 300. Huhitaji hata saa nzima: dakika 20 baada ya Alasiri, mahali ambapo watoto wa nyumbani wanajua husumbuliwi, ukivuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole zaidi, pumzi sita hivi kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mapigo ya moyo kupitia neva ileile wanaosema kifaa cha sikioni kinaigusa, na hili la pumzi halina ubishi: weka kidole kwenye mshipa wa mkononi utausikia ukipunguza mwendo.

Kwa hiyo ukiniuliza ninunue au nisinunue, jibu langu ni usinunue. Rial 300 ni karibu shilingi milioni mbili. Najua mishahara yenu, na najua ni walimu wangapi wanaolipa mikopo ya kausha damu kila mwisho wa mwezi. Deni lenyewe linakesha nawe. Kama dada anakununulia kwa pesa yake na moyo wake, sitakukataza ukijaribu, mradi huna betri ya moyo wala kifaa kingine cha umeme mwilini, huna kifafa, huna ujauzito, na kifaa kimesajiliwa kama kifaa tiba (ukiingiza nchini, waulize TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kipe wiki sita. Ngozi ya ndewe ikichubuka, au kichwa kikizidi kuuma au kizunguzungu, vua. Wiki sita zikipita bila mabadiliko, kirudishe kwenye boksi bila kujilaumu.

Kwa shingo na kisogo nina la kukuambia tofauti, maana hapo umeme una nafasi yake. Idara nyingi za fiziotherapia zina kifaa chenye nyaya na pedi za kubandika kwenye ngozi pale panapouma. Ukigonga kiwiko huwa unakisugua, sivyo? Neva za mguso zinapofanya kazi, zinafunga mlango wa maumivu kwenye uti wa mgongo. Wanasayansi wawili, Melzack na Wall, walilieleza hilo mwaka 1965, na kifaa hiki hufanya kazi ya kusugua kwa umeme. Nafuu yake ni wakati kinapowaka na muda mfupi baadaye, kwa hiyo ni cha kukufungulia njia ufanye mazoezi ya shingo na mabega, ambayo ndiyo yanayodumu. Usijibandikie pedi mwenyewe mbele wala ubavuni mwa shingo, pana mishipa mikubwa ya damu. Na hebu jitazame unavyosahihisha. Naamini umekaa kwenye kigoda au pembeni mwa kitanda, daftari liko juu ya paja, taa iko nyuma yako, kidevu kimegusa kifua, na uko hivyo saa mbili. Kichwa cha mtu ni kizito, na ukikiinamisha hivyo misuli ya kisogo ndiyo inayokishikilia. Meza ya kufika usawa wa viwiko na kiti chenye mgongo vitaisaidia shingo hiyo kuliko kifaa chochote.

Kuna neno ulilitaja kwa kupita, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Jasho. Presha kuwa sawa hakujibu swali la jasho linalolowesha shuka. Mwanamke wa miaka 44 anaweza kuwa anaanza kuelekea kukoma hedhi, na hapo joto la ghafla, moyo kukimbia na usingizi kukatika huja pamoja. Je, siku zako bado zinakuja kwa mpangilio? Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu, ikifanya kazi kupita kiasi hutoa dalili hizohizo, pamoja na kupungua uzito huku unakula vizuri na vidole kutetemeka. Halafu kuna kifua kikuu, ambacho kwetu hakipaswi kusahaulika: jasho la usiku, homa za jioni, kukohoa, nguo kukupwaya. Mwalimu anayeshinda chumba kimoja na watu zaidi ya mia, madirisha yakiwa madogo, ana haki ya kupimwa bila kuchekwa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, usirudi zahanati, ueleze yote haya kwa pamoja, uombe wingi wa damu, sukari, homoni za tezi ya shingo, na uchunguzi wa kifua kikuu na VVU. Kila kipimo kikitoka safi, tutazungumza msongo kwa uhakika. Tusianze na msongo tukaishia kugundua rovu baada ya miaka miwili.

Kuhusu vidonge, mwenzako amekupa somo la kweli lakini si la vidonge vyote. Diazepam na ndugu zake hulevya, na mtu akivinywa kila siku kwa wiki kadhaa mwili huvidai. Mwambie mwenzako asiviache ghafla, maana anaweza kupata degedege. Apunguze kidogokidogo na daktari. Piritoni ambazo watu hununua dukani ili wasinzie hukuacha na kichwa kizito asubuhi mbele ya darasa. Lakini dawa za sonona na wasiwasi ambazo daktari wa afya ya akili huandika ni kundi jingine. Hazileti ulevi ule, ingawa nazo haziachwi kwa siku moja. Sikusukumi uzinywe. Nakuomba tu usiufunge mlango huo kwa sababu ya kidonge ambacho hata si cha kundi lake.

Sasa usingizi. Tiba inayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya dawa yoyote, haina umeme na haina kidonge: ni kubadili mazoea na mawazo yako kuhusu kulala. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilisema hivyo 2016, na mimi ndiyo ninayoanza nayo. Kitanda kimejifunza kwamba ni mahali pa kukodoa macho, kwa hiyo tunakifundisha upya. Ukishtuka saa nane na ukajiona unageukageuka kwa muda wa robo saa hivi (usitazame simu kuhakikisha), toka kitandani. Kaa kitini gizani au kwenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha kama kukunja nguo, rudi kitandani kope zikiwa nzito tu. Hata ukilala saa ngapi, amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Usilale mchana. Usilale saa nne kwa sababu tu ni saa nne. Kama mwili wako kwa sasa unapata usingizi wa saa sita tu kati ya saa nane unazokaa kitandani, anza kuingia kitandani saa tano na nusu usiku, ndipo usogeze mapema taratibu. Wiki ya kwanza utachoka kuliko sasa na utanilaumu. Wengi huanza kuona tofauti ndani ya wiki chache. Kapu la madaftari lihamie chumba kingine, na chai ya rangi ya kusahihishia iishie saa kumi alasiri. Mambo yanayokuamsha, andalio la somo, ada ya mtoto, barua ya afisa elimu kata, yaandike kwenye karatasi saa kumi na moja jioni, kila moja na hatua yake moja ya kesho. Saa nane likikujia, unaliambia liko kwenye karatasi.

Watoto 112 siwezi kukupunguzia, na sitajifanya kwamba pumzi sita kwa dakika zinaongeza walimu. Lakini si lazima kila zoezi lisahihishwe na wewe usiku. Wenzako wengi wa madarasa makubwa huwapa watoto wabadilishane madaftari ya hesabu na kusahihisha pamoja ubaoni, kisha mwalimu huchukua mkusanyo mmoja kwa wiki. Kaongeeni na mwalimu mkuu mkiwa walimu watatu au wanne, usiende peke yako ukaonekana mgonjwa anayeomba huruma.

Yapo mambo ambayo hayasubiri karatasi ya saa kumi na moja wala majibu ya vipimo. Kifua kikibana na kuuma kuelekea mkononi au tayani, hasa unapopanda ngazi au kubeba mzigo. Kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa maishani. Upande mmoja wa mwili kufa ganzi au ulimi kuwa mzito. Hayo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa bodaboda ikibidi. Na kama ndani ya huko kuchoka kumewahi kupita wazo kwamba afadhali usingekuwepo, hata mara moja, tafadhali mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, na aende nawe hospitali. Hospitali nyingi za wilaya zina mratibu wa afya ya akili, na kumwona hakukufanyi uitwe kichaa; ni kama kumwona daktari wa macho.

Dada yako wa Muscat anataka kukufaa, usimkatalie kwa ukali. Mwambie hicho kifaa kisubiri, akulipie vipimo na nauli ya fiziotherapia, na pesa ikibaki akununulie meza na kiti cha kusahihishia. Ukienda kupima, beba karatasi yenye tarehe za hedhi zako za miezi sita iliyopita na uzito wako wa sasa na wa mwaka jana kama unaujua. Majibu ya tezi yakitoka, niandikie tena.